Nani Kasema? Namna ya Kujiandaa na UE ya Historia Yenye Nyaraka za Kusoma

Mwezi wa sita ukishaingia Iringa, baridi inabana, na wanafunzi wa historia wanaojiandaa na UE, yaani mtihani wa chuo kikuu, wanaanza kupanga foleni steshenari kutoa kopi za kompendia, ule mkusanyo wa nyaraka za kozi. Nilikuwa mmoja wao, na sasa nawasaidia wadogo zangu waliopanga vyumba Kihesa. Kila mwaka naliona kosa lile lile. Mtu anabeba kurasa mia za barua, ripoti, mikataba na masimulizi ya wazee, anazisoma kama kitabu cha kiada, anapiga mstari penye kila tarehe, kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani na kusimulia. Anasimulia vizuri, kwa mpangilio, bila kosa la mwaka hata mmoja. Matokeo yakitoka ana C, na hajui alipokosea.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kurasa tano juu ya kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Msahihishaji aliweka maneno mawili pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani kasema?" Nilikasirika siku nzima. Baadaye nilielewa kwamba somo lote la historia lilikuwa ndani ya maneno hayo mawili, na mwongozo huu nimeujenga juu yake. Nitatumia zaidi mifano ya hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, lakini njia ni ile ile hata kama kozi yako ni ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Hatua ya 1: Anza na pepa zilizopita, si na kompendia

Tafuta pepa za miaka mitatu au minne iliyopita, kaa nazo saa moja, na uangalie kitenzi cha kila swali. "Eleza" na "tathmini" ni kazi mbili tofauti. "Kwa kutumia vyanzo ulivyosoma, jadili" maana yake ni kwamba jibu lisilotaja chanzo hata kimoja limeshapoteza nusu ya alama kabla halijasomwa. Andika vitenzi hivyo kwenye karatasi na ubandike ukutani. Ukisoma nyaraka bila kujua utaulizwa nini, utabeba kila kitu, na anayebeba kila kitu hafiki.

Hatua ya 2: Ipe kila chanzo mstari mmoja

Chora jedwali kwenye daftari: mwandishi, mwaka, aina ya chanzo, na aliandikiwa nani. Hiyo safu ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Barua ya ofisa kwa mkubwa wake, kitabu kilichochapishwa ili wananchi wa Ujerumani wakinunue, na utenzi uliotungwa kuimbwa mbele ya watu, vyote vinaweza kuzungumzia vita ile ile, lakini havisemi kwa sauti moja. Kazi hii ni ya jioni moja tu, usiirembe.

Hatua ya 3: Kaa na waraka mmoja mpaka uzungumze

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda mrefu. Afadhali nyaraka sita zilizosomwa hivi kuliko thelathini zilizopigwa mistari. Chukua Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, uliosainiwa tarehe 28 Juni 1919. Ni ibara fupi, haifiki nusu ukurasa, na karibu kila kozi ya historia ya Tanzania inaigusa kwa sababu ndani yake limo fuvu la Mkwawa.

Usomaji wa kwanza ufanye bila kalamu. Ujiulize tu: huu waraka unafanya nini? Si "unasema nini", bali unafanya nini. Ibara hii inaiamuru Ujerumani iliyoshindwa vita itoe vitu viwili ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Cha kwanza ni Kurani ya Khalifa Othman, ambayo anapaswa kurejeshewa Mfalme wa Hejaz. Cha pili ni fuvu la "Sultani Mkwawa", ambalo inapaswa kukabidhiwa serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Usomaji wa pili shika kalamu, na sasa fuata maneno. Kurani "inarejeshwa", fuvu "linakabidhiwa". Kwa nini vitenzi viwili kwa ahadi moja? Kurejesha ni kumrudishia mwenye mali. Fuvu halikuwa la Uingereza, na ibara haisemi Uingereza ilifikishe Kalenga, yaliyokuwa makao ya Mkwawa. Ukoo wa Mkwawa haumo kabisa katika sentensi hiyo, wala Wahehe hawatajwi.

Endelea. Kuhusu Kurani, waraka unamtaja aliyeichukua: iliondolewa Madina na mamlaka za Kituruki. Kuhusu fuvu, unasema "liliondolewa" kutoka katika himaya ya Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Liliondolewa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Tena wapo wanaosoma neno "himaya" bila kusimama: himaya ni ulinzi, na hapa panazungumziwa kichwa cha mtawala kilichokatwa katika nchi iliyodaiwa kulindwa. Na mwishoni, Kurani na fuvu vyote viwili vinaitwa vitu. Mabaki ya mtu yamewekwa kwenye orodha ya vitu vya kukabidhiana baina ya serikali.

Neno "Sultani" nalo lizungushie duara. Wahehe walimwita Mtwa. Wajerumani walitumia neno sultani kwa karibu kila mtawala wa bara, neno la pwani walilolichukua na kulipeleka walikokwenda. Kumbe hata jina la cheo linakueleza habari imepita mikono ya nani mpaka kufika Paris.

Usomaji wa tatu toka nje ya waraka. Uliza kilichotokea kabla na baada. Kabla: Novemba 1918 Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza nchi hii kwa niaba ya Waingereza, alipendekeza fuvu lidaiwe ili kuwatuza Wahehe kwa ushirikiano wao wakati wa vita, na liwe ishara kwamba utawala wa Wajerumani umekwisha. Baada: Wajerumani walikana kuwa nalo, miezi sita ikapita, ikapita na miaka. Fuvu lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Sasa weka pembeni tarehe nyingine: TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, siku kumi na nane tu baadaye. Sikuambii kwamba moja ilisababisha nyingine. Nakuambia gavana aliyelirudisha fuvu alikuwa akitawala nchi iliyokuwa inachemka, na mwanafunzi anayelikumbuka hilo atauliza swali zuri: kwa nini wakati ule?

Ukifanya hivi kwa ibara moja, huhitaji tena kuikariri. Utaikumbuka kama unavyokumbuka mazungumzo na mtu.

Hatua ya 4: Gombanisha vyanzo

Chanzo kimoja hakitoshi kujenga hoja. Weka viwili juu ya meza na uangalie wapi vinakubaliana na wapi vinakwaruzana.

Mfano wa kwanza ni Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, siku jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski lilipoangamizwa na Wahehe. Taarifa ya Kijerumani iliyotufikia ni ya Luteni Tettenborn, aliyenusurika. Alinusurika kwa nini? Kwa sababu alikuwa nyuma ya msafara. Basi dakika za kwanza zilizomwangusha Zelewski hakuziona kwa macho yake. Msadiki zaidi anapoeleza jinsi manusura walivyokusanyika na kurudi nyuma, na uwe makini anapokadiria wingi wa washambuliaji au kueleza shambulio lilivyoanza huko mbele.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Tarehe 19 Julai 1898 Sajini Merkl wa jeshi la Kijerumani aliripoti kwamba amemkuta Mkwawa ameshajipiga risasi. Kichwa cha Mkwawa kilikuwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Wanafunzi wengi wakishaijua zawadi wanasema haraka, "Chanzo hiki kina upendeleo, hakiaminiki," na kufunga mjadala. Hapana, usikimbie hivyo. Merkl alikuwa na kila sababu ya kujisifu kwamba yeye ndiye aliyemuua adui mkubwa, lakini hakusema hivyo. Mtu anapokiri jambo linalompunguzia sifa, ushahidi wake juu ya jambo hilo unapata nguvu. Na masimulizi ya Wahehe, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumsaidia Merkl, nayo yanasema Mtwa alijiua asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Pande mbili zenye uchungu tofauti zinakutana hapo. Lakini ukiuliza kama kichwa kilicholetwa kilikuwa kweli cha Mkwawa, hapo ndipo rupia 5,000 zinapoingia, na hapo ndipo shaka yako inapostahili kukaa. Ripoti moja inaweza kuaminika katika sentensi hii na kutiliwa shaka katika inayofuata. Ukiweza kuandika hivyo kwenye UE, msahihishaji atajua umesoma.

Mfano wa tatu ni vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilivyofika Songea na Njombe. Gavana wa Kijerumani von Götzen alichapisha kitabu mwaka 1909, akiwa ameshaacha kazi ya ugavana, akawapa waganga nafasi kubwa katika chanzo cha vita. Ukimlaumu mganga, humlaumu mtoza kodi wala msimamizi wa mashamba ya pamba. Kiweke kitabu hicho kando ya maneno ya Kapteni Wangenheim ya 1905, yaliyoandikwa kwa wakubwa wake na si kwa wasomaji: kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazoleta utii wa mwisho, na kwamba vita peke yake ni kama tone baharini. Watu wa utawala mmoja, lakini mmoja anajitetea mbele ya umma na mwingine anazungumza ndani ya nyumba. Kiongeze na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya vita hivyo hivyo, uone mtu wa pwani anayaonaje. Hapo una jibu zima la swali la alama ishirini na tano.

Angalia pia majina. Nyaraka za Kijerumani zinasema "uasi". Sisi tunasema "vita". Anayeasi ni yule aliyekuwa na wajibu wa kutii, kwa hiyo neno lenyewe limeshatoa hukumu. Ukilitumia, litumie kwa kujua.

Hatua ya 5: Nenda Kalenga, na usikilize wazee kwa adabu

Kama unasoma Iringa na hujafika Kalenga, funga kompendia Jumamosi moja uende. Ni safari fupi ya daladala. Simama mbele ya fuvu, soma maelezo yaliyopo pale, kisha ujiulize maswali yale yale: nani ameyaandika, lini, na kwa ajili ya nani? Makumbusho nayo ni chanzo. Ukirudi mjini pita Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Kuta zenyewe zitakusaidia kuelewa kwa nini mji ulihamia kilimani na kuiacha Kalenga iliyoanguka mwezi Oktoba 1894.

Kwa masimulizi ya wazee, usianze na daftari. Anza na "Kamwene, babu", kaa, ulizwa unatoka kwa nani, jibu bila haraka. Mzee akianza kusimulia, swali lako la kwanza liwe, "Wewe ulisikia kwa nani?" Kama alisikia kwa babu yake aliyekuwepo, ni kitu kimoja. Kama alisoma shuleni, ni kitu kingine, kwa sababu hapo kitabu kinajirudia kwa mdomo wa mzee na utakihesabu mara mbili bila kujua. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya Maji Maji vijijini. Walikuwa vijana kama wewe, na leo historia ya vita ile haiandikwi bila kazi yao.

Hatua ya 6: Fikiri kwa Kiswahili, jibu kwa lugha ya pepa

UE nyingi za historia zinajibiwa kwa Kiingereza, na hili linawaangusha vijana wenye akili kabisa. Dawa yangu ni kujadili kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa, kisha kuandaa mapema vitenzi kama kumi vya Kiingereza vya kumzungumzia shahidi: anadai, anakiri, anadokeza, ananyamazia, anatia chumvi. Atakayeandika "anasema" mara ishirini anaonekana hana cha kusema, wakati kichwani anacho.

Kumbuka pia kwamba nyaraka nyingi za Wajerumani unazisoma katika tafsiri. Usijenge hoja nzito juu ya neno moja kabla hujajua katika lugha ya kwanza lilikuwa hivyo. Ibara ya 246 ni salama kwa hilo, kwa sababu Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi za mkataba.

Hatua ya 7: Kadi na diskasheni

Kata karatasi za manila saizi ya kiganja. Kadi moja, chanzo kimoja, mistari mitano: nani na lini, aliandikiwa nani, anataka nini, maneno manne au matano yake mwenyewe, na chanzo kinachompinga. Usikariri nukuu ndefu. Maneno manne sahihi yana nguvu kuliko sentensi tatu ulizozibahatisha.

Diskasheni iwe ya watu wanne, wasizidi watano. Mmoja ajifanye mwandishi wa waraka, Merkl au Byatt, na wengine wamhoji. Kwa hili dakika arobaini zinatosha. Desa la mtu mwingine, yaani notisi zake za kukariri, usilitegemee hata kama ana GPA ya juu, kwa sababu desa linakupa majibu ya maswali aliyoulizwa yeye.

Hatua ya 8: Andika aya kwa saa

Wiki mbili kabla, kila jioni andika jibu moja kwa dakika arobaini na tano. Hiyo ni sehemu yako kwa pepa ya muda wa saa tatu yenye maswali manne. Mtu akikuuliza kwa nini fuvu la Mkwawa liliingia katika mkataba wa Versailles, mkono wako utataka kuandika hivi:

"Mkwawa alikuwa mtawala wa Wahehe. Aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 Kalenga ilitekwa. Alijiua mwaka 1898 na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 mkataba ukaamuru litolewe."

Yote kweli, na swali halijaguswa. Jaribu tena:

"Ibara ya 246 inaagiza Kurani irejeshwe kwa Mfalme wa Hejaz lakini fuvu likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza, bila kuwataja Wahehe. Tofauti hii inaonyesha kwamba waandishi wa mkataba walilitazama fuvu kama alama ya mamlaka mapya kuliko deni kwa ukoo. Pendekezo la Byatt la Novemba 1918 linaunga mkono tafsiri hiyo, maana lilitaka fuvu lioneshe mwisho wa utawala wa Kijerumani. Hata hivyo Byatt alitaja pia kuwatuza Wahehe, kwa hiyo hisia za wenyeji hazikupuuzwa kabisa. Zilihesabiwa kwa kadiri zilivyomfaa mtawala."

Aya ya pili ina tarehe chache kuliko ya kwanza. Ina chanzo, neno kutoka ndani ya chanzo, maana yake, chanzo cha pili, na pingamizi. Andika aya kumi za namna hiyo kabla ya mtihani na mpe mwenzako azisome akiwa na kalamu nyekundu. Kila penye dai lisilo na mwenyewe aandike: "Nani kasema?"

Siku yenyewe

Lala. Kukesha na baridi hii ya Julai kunakupa mafua na kunakunyang'anya majina. Asubuhi pitia kadi tu, kompendia iache chumbani. Ukiingia, soma pepa yote kwa dakika kumi na kando ya kila swali utakalojibu andika majina ya vyanzo viwili vitakavyogombana. Swali lisilokupatia viwili liache, hata kama hadithi yake unaijua vizuri.

Pepa ikikupa dondoo usiyowahi kuiona, usitishike. Anza na mwaka na mwandishi, tafuta kitenzi kilichomficha mtendaji, uliza aliandikiwa nani, kisha ikutanishe na chanzo unachokijua. Dakika kumi za mwisho usiongeze aya mpya. Rudi ulikoandika "Wajerumani walisema" au "Wahehe waliamini", ufute, uweke jina la mtu na mwaka.